Bibi Haghani Bila Vigelegele

S.L.P. 214,
Serowe,
Botswana.
9 Septemba 2023

Mpendwa mwanangu Oarabile,

Nakusalimu kutoka uani kwetu, nikiwa na chai pembeni na moyo uliotulia. Hujambo huko kwenye baridi? Unakula kweli? Mashavu niliyoyaona kwenye picha yako ya mwisho hayakunifurahisha. Sisi wazima, mbuzi wazima, ila upepo wa mwezi wa nane umetujaza vumbi hadi masikioni. Bibi yako anaendelea vizuri. Nalitanguliza hilo ili usisome barua hii roho mkononi.

Daktari alikuwa ametuambia kwamba uvimbe wa kooni ukishaondolewa, huenda sauti ya Bibi isirudi ilivyokuwa, au isirudi kabisa. Niliogopa sana, mwanangu. Sifa za ukoo wetu zimo kichwani mwake peke yake. Mimi nazijua nusu, na hiyo nusu yenyewe naichanganya. Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Nikaapa kwamba Jumamosi, siku mbili kabla, ataghani zote, na ile kompyuta ya Linux uliyoniachia itazirekodi.

Kompyuta yako ilikuwa kiziwi! Nilichomeka maikrofoni, nikasema haloo mpaka mbwa wakaja, lakini kwenye kioo hakuna kilichotikisika. Nilikupigia simu mara nne ndipo nikakumbuka uko chini ya ardhi, zamu ya mgodini. Haraka haina baraka, lakini subira ningeitoa wapi? Nilifungua ukurasa wa kuchanganya sauti, nikapandisha kila kitu hadi juu. Kumbe ule ni ukurasa wa sauti inayotoka kwenye spika, si inayoingia. Spika zikapiga yowe, na Mma Kelapile wa jirani akachungulia juu ya ua.

“Mma, unachinja nini humo?”

“Nguruwe wa kizungu.”

“Basi nibakishie mguu!”

Yowe hilo ndilo lililonizindua. Kama spika zinaisikia maikrofoni, basi maikrofoni ni nzima, ila mlango wa kuingilia ndani ndio umefungwa. Nikarudi kwenye daftari uliloniandikia. Nikaandika alsamixer, amri ya kufungua ule ukurasa wa kuchanganya sauti, nikabonyeza F4, nikaupata ukurasa wa sauti inayoingia. Mashine ilikuwa imechagua maikrofoni yake ya ndani, ile iliyokufa zamani. Nikachagua ya kuchomeka, nikabonyeza kitufe kile kirefu cha chini, herufi nyekundu zikatokea. Nikasema haloo moja tu, mstari ukaruka. Nilicheza jikoni peke yangu kama bibi harusi.

Basi Bibi akaketi, kitambaa kimefungwa shingoni, sauti imekwaruza na iko chini. Nikapandisha kipimo cha maikrofoni ili anayeongea kwa shida asikike. Alimghani babu wa kwanza, akanyamaza.

“Mbona kimya? Nimekuja msibani?”

“Mama, tunarekodi tu.”

“Haya, rekodi huo ukimya wenu.”

Akakunja mikono. Unamjua. Ikabidi nimwite Mma Kelapile aje kupiga vigelegele, na kigelegele chake cha kwanza kilipasua rekodi yote, maana kipimo nilikiweka kwa ajili ya mgonjwa. Nikamsogeza mlangoni, bado. Mwishowe nikampeleka kwenye zizi la mbuzi, nikashusha kipimo kidogo, na maikrofoni nikaisogeza karibu na kidevu cha Bibi. Hapo akaghani dakika kumi na tisa. Alikohoa mara mbili tu, wala hakumruka mzee hata mmoja. Nililia, sikufichi.

Upasuaji ulikwenda salama, uvimbe umetoka wote, na hauna ubaya. Ila amekatazwa kusema kwa wiki sita, na kuhusu sauti daktari anasema tusubiri. Alhamisi nilimpelekea kompyuta wodini, nikamsikilizisha. Alifumba macho muda wote, kisha akaomba kalamu akaandika, “Ongezeni sauti, wenzangu hawasikii.” Jana tumerudi naye nyumbani.

Nimekuwekea rekodi kwenye flashi iliyomo humu. Ukiwasikia mbuzi, usishangae.

Mjomba wako Gaolathe anakusalimu. Mma Kelapile naye anakusalimu, tena anadai vigelegele ndivyo vilivyopendeza kuliko vyote. Mungu akushushe salama kila zamu na akupandishe salama.

Mimi shangazi yako akupendaye daima,
Boitshepo

Bibi ameninyang'anya kalamu, anaandika mwenyewe:

Oarabile, nimewaghani wote, wazee kwa watoto. Sifa zako nimeziacha makusudi, na shangazi yako hata hakugundua. Hizo hazimo kwenye mashine. Uje nyumbani uzisikie kwa mdomo wangu.