Sauti Kutoka Dunguni

Anjela amepiga kelele leo. Binti yangu, kwa sauti yake mwenyewe, mpaka ng'ambo ya mto wamesikia.

Ni Alhamisi, mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi. Naandika kwa herufi nilizofundishwa misheni; nani mwingine wa rika langu hapa Ifakara anaandika? Basi.

Tangu askari wa Wadachi wapite wakichoma nyumba na vihenge vya chakula, huyu mtoto alikuwa akinong'ona tu. Siku ile tulijificha kwenye matete, kiganja changu mdomoni mwake. Baba yake alikuwa amekwenda na wenzake kulishambulia boma la Mahenge, wamenyunyiziwa ile dawa ya maji. Hakurudi. Sisi tulirudi.

Mimi nilirudi. Mtoto, sijui.

Jirani yetu Mama Kasiani anamtaka aolewe na mwanawe kwa sababu ya huko kunong'ona. "Mkwe asiye na mdomo, nitafute nini tena?" Nami nilikaribia kumkubalia. Nilijiambia, mtu aliyebaki nusu, nikifa atatunzwa na nani?

Leo tulikuwa shambani. Mpunga umeiva, mpunga wangu unaoonewa wivu bonde zima. Anjela yuko juu ya dungu, kile kichanja cha miti, anaamia ndege wasiule kwa kugonga vijiti kama kawaida yake. Kundi likatua. Kijiti kikavunjika. Nikamwona anasimama.

"Tokeni! Tokeni kwetu!"

Ndege walikuwa wameshaondoka, yeye bado anapiga kelele, machozi yanamtiririka. Aliposhuka akanishika mkono. "Mama, mimi nilikuwa bado kwenye matete."

Nikamfuta machozi kwa kiganja kilekile.

Mama Kasiani akatokea njiani, kajishika kiuno. "Kumbe ana koo la kunguru."

"Shikamoo, mama," Anjela akamwambia. "Habari ya kuolewa nitaijibu mwenyewe. Njoo na mwanao Jumapili mle wali mpya, mnisikie."

Atajibu nini? Sijui. Msichana huyu simjui bado, ndiyo kwanza amefika. Sasa hivi anapepeta uani huku anajiimbia, na wimbo hausiti hata mtu akipita. Namwogopa kidogo. Najivuna sana.

Nimeshapeleka habari kila nyumba mpaka kivukoni. Waje wote, Jumapili.