Mdogo Wangu, Umenitangulia Uzee

Kibirizi, Kigoma

Kwa mdogo wangu Gervas,

Huko Kibondo mmeamkaje? Mgongo umepona, au bado unausingizia kila jembe likitajwa? Sisi ni wazima, ukiondoa jicho langu la kushoto lililozibwa na ukungu, na la kulia limeanza kumuiga mwenzake.

Dada kaniambia kwa simu kwamba umepata kadi ya wazee, unatibiwa bure. Tangu hapo chakula hakipiti. Wewe niliyekubeba mgongoni ukanikojolea, leo serikali inakuita mzee kabla yangu?

Nami nilikwenda kuiomba. Karatasi ya kuonyesha umri sina, kwa hiyo mtendaji wa mtaa akataka jirani anishuhudie mbele ya kamati. Nikamtaja Rashidi, tunayeanika naye dagaa. Ni mdogo kwangu, ila kadi anayo, maana mvi zimemjaa kama kamwagiwa unga. Zangu, unanijua, nazipaka piko.

Rashidi akasimama, akakohoa kama mbunge. "Ndugu mtendaji, huyu bwana kila asubuhi ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba. Sasa mzee hapa ni nani?"

Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kweli namwamkia, Gervas, lakini namtania, na akina mama wa mwaloni, wanaosubiri mitumbwi ya dagaa, wakisikia wanadhani mimi bado kijana. Mtendaji hakutaka habari za utani. Kaniambia nikakue kwanza.

Sasa Rashidi anapita mlangoni kwangu kadi ikining'inia shingoni. Juzi kaenda hospitali, kapimwa bure, dawa kaambiwa hakuna, akanunue mjini. Hata hivyo namwonea wivu. Mimi hata kuambiwa dawa hakuna sijafikia.

Bila kadi, kupasuliwa jicho kutakula chanja zangu zote za kuanikia dagaa. Nitaona vizuri, lakini nitaona nyumba tupu. Shemeji yako ameshaanza kulia.

Basi panda gari uje, na kadi yako. Simama mbele ya kamati, uinamishe kichwa, uniamkie shikamoo kaka, kwa sauti, Rashidi asikie. Mdogo akiwa mzee, wataniitaje mimi? Najua itakuuma kidogo.

Nisalimie dada anayetunza nyumba ya mama, na mkeo aliyekuvumilia.

Usikawie tu. Ukishuka stendi, nataka nikutambue kwa sura, siyo kwa sauti.

Ni mimi kaka yako, tena mkubwa,
Lazaro