Dakika Tano za Kimya

Lushoto mjini,
12 Februari 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila baridi ya ofisi hii inaishinda ya kwetu, na chai yao ni maji ya moto yaliyotiwa rangi.

Kwenye bahasha kuna fomu mia moja na ishirini. Ni za watu arobaini wa kijiji chetu, kila mmoja atapimwa presha nyumbani kwake mara tatu, wiki tofauti. Mashine umeshaizoea tangu kwenye mafunzo. Nakuomba uzingatie jambo moja ambalo Dokta Filomena, msimamizi wangu wa utafiti, halilegezi hata kidogo. Kabla ya kupima, mtu akae kimya dakika tano, ameegemea kiti, miguu chini. Wewe pia usiongee. Ndipo utie vema kwenye kisanduku cha "Amekaa kimya dakika tano". Mtu akipimwa huku anaongea, presha husomeka juu kuliko ilivyo.

Unajua ninachokitafuta. Tukionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini mnapima kwa usahihi, tutakuwa na hoja ya kuomba dawa za presha ziwekwe kwenye zahanati ya huko, wazee wasiteremke hadi mjini kila mwezi.

Fomu zikijaa mpe kondakta wa basi la asubuhi, na barua yako iwe humo humo, maana simu yako inashika mtandao ukipanda kwenye mikaratusi tu.

Mwanao,
Rukia


Kijijini, Mlalo,
4 Machi 2024

Mwanangu Rukia,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti lipo, nimelizoea. Nimekuwekea matunda damu ya mwisho kwenye mfuko, ukikuta yamepungua muulize kondakta.

Kazi imeanza. Nilianza na shoga yangu Hawa, nikijua hatanisumbua. Nikaingia, nikamfunga ule mkanda, nikakaa kimya kama fomu inavyotaka. Hawa alikuwa anachambua maharage. Akanitazama, akaacha maharage, akasema, "Saumu, nani amekufa?" Maana huku kwetu, wewe mwenyewe unajua, mtu akiingia akaketi asiseme neno, amebeba msiba. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba hakuna. Akaanza kutaja watoto wake mmoja mmoja, na mimi natikisa kichwa. Mashine ikasoma 171. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Lakini usiwe na wasiwasi, nimeshapata namna ya kwenda nao.

Mama yako mkubwa,
Saumu


Lushoto mjini,
8 Machi 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Matunda yamefika, yamepungua, na kondakta ameapa. Habari ya Bi Hawa nimeisoma ofisini kwa sauti na watu wamecheka hadi machozi. Fomu zako ndizo safi kuliko za vijiji vyote sita, hakuna kisanduku hata kimoja kitupu. Dokta Filomena amekusifu, nami nikajisifu kwa ajili yako. Nawatakia mfungo mwema wote nyumbani.

Mwanao,
Rukia


Kijijini, Mlalo,
21 Mei 2024

Mwanangu Rukia,

Marahaba. Mimi mzima. Mvua imetulia, ila njia bado ni utelezi.

Nakuandikia kwa sababu Hawa ameanguka. Baada ya fomu zake tatu kusoma juu, nilimpeleka zahanati kama mlivyotuelekeza kwenye mafunzo. Mganga alimpima mara moja, naye ndiyo kwanza amemaliza kupanda ule mlima, hata pumzi hajashusha. Ikasoma juu. Mganga akatazama fomu zangu, akazipanga mezani zote tatu, akasema hizi zinatosha, akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi.

Tangu aanze alikuwa ananiambia kichwa chepesi akiinuka. Nikamwambia atazoea. Juzi alikuwa anapalilia kabichi kwenye lile shamba la mteremko, akainuka, akaenda chini matuta matatu. Mkono wa kushoto umevunjika karibu na kiganja. Amefungwa plasta ya hogo. Hanung'uniki, anasema dawa ni dawa.

Mimi silali vizuri.

Mama yako mkubwa,
Saumu


Lushoto mjini,
27 Mei 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa mtihani huo. Mpe Bi Hawa pole zangu nyingi. Nimempigia mganga, amekubali asimamishe kidonge kwanza.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuuliza kama mwanao, si kama mtu wa ofisi. Jana nimezipitia fomu zako zote zilizofika hadi sasa. Katika watu arobaini, thelathini na mmoja wana presha ya juu. Kijiji cha jirani, watu wa umri ule ule na chakula kile kile, ni kumi na wanne. Tena saa ya kuanza na saa ya kumaliza kwenye fomu zako, kati yake ni dakika tatu au nne tu. Zile dakika tano zilikuwa zinakaa wapi?

Niambie tu, mama mkubwa.

Mwanao,
Rukia


Lushoto mjini,
24 Juni 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Bahasha mbili zimefika, fomu zimo, barua haimo. Kondakta anasema amekuona stendi, uko mzima, ila hukumtania. Hilo limenitisha kuliko barua kukosekana. Hata kama umenikasirikia, niandikie unikaripie.

Mwanao,
Rukia


Kijijini, Mlalo,
8 Julai 2024

Mwanangu Rukia,

Marahaba. Sijakukasirikia. Nilikuwa naona haya.

Hakuna mtu aliyekaa kimya. Siku ile ya Hawa ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Kesho yake nilikwenda kwa mzee Abdulaziz, nikaona nikikaa kimya naye atadhani mwanawe aliyeko mashamba ya chai Kwamkoro amefikwa na jambo. Kwa hiyo nikamwamkia, "onga mshi", naye akaniitikia, tukaanza. Habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za viazi, za mgonjwa wa ng'ambo ya bonde. Unajua salamu zetu hazikatwi katikati. Na mashine ikawa inapima huku anajibu. Nilipomaliza nikatia vema, kwa sababu kisanduku kilikuwa kinasubiri vema, na kwa sababu nilitaka fomu zako zipendeze.

Nikafanya hivyo nyumba arobaini, mara tatu.

Nilidhani ni adabu tu ya kwenye karatasi, kama zile fomu za vyandarua zilizokuwa zinauliza kama nyumba ina choo cha maji. Sikujua kwamba mtu anaweza kunywa kidonge kwa sababu ya vema yangu. Ulinieleza, na nilikusikia, lakini sikuamini kwamba maneno matamu yanaweza kumpandisha mtu presha. Kosa ni langu. Hawa hajui.

Mama yako mkubwa,
Saumu


Lushoto mjini,
12 Julai 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama nje ya ofisi, nikaisoma tena nimekaa.

Nimeongea na mganga. Watu wote aliowaanzishia dawa kwa fomu za kijiji chetu atawaita awapime upya, mmoja mmoja, bila haraka. Hilo limekwisha.

Sasa kuhusu utafiti. Dokta Filomena anataka maelezo kwa nini nimeziondoa fomu zako. Nimefikiri sana. Wahudumu wenzako watasikia, kijiji kitasikia, na umewafanyia kazi hiyo tangu mimi sijaenda shule. Mashine hizi huharibika. Naweza kuandika kwamba ya kwenu ilikuwa inasoma juu. Hakuna atakayeuliza zaidi, na wewe utaendelea na kazi yako kwa heshima. Nipe ruhusa tu.

Mwanao,
Rukia


Kijijini, Mlalo,
17 Julai 2024

Mwanangu Rukia,

Marahaba. Ruhusa sikupi.

Mashine haikukosea hata siku moja. Ukiisingizia, wataipeleka kwa fundi, fundi ataikuta nzima, na wataniletea nyingine nirudi kwa Hawa kumuuliza habari za viazi huku inapima. Na wahudumu wa vijiji vingine je? Unadhani mimi peke yangu ndiye nisiyeweza kukaa bubu mbele ya mzee? Andika kwamba Saumu alikuwa anaongea, na alitia vema akijua. Jina langu liwemo, sitakufa.

Na usinifanyie hivyo tena, Rukia. Sikukulea uje unifichie. Najua ni upendo, nimeuona, umeniliza. Lakini usirudie.

Kabla sijakuandikia nimekwenda kwa Hawa nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na matusi ya Hawa nayajua, yanaisha kabla ya chai kuiva. Hakunitukana. Alikaa kimya, anautazama ule mkono wenye hogo. Nikangoja, nikangoja, nikaondoka. Tumekuwa mashoga miaka arobaini, na sijawahi kumwona Hawa hana la kusema.

Mama yako mkubwa,
Saumu


Lushoto mjini,
5 Agosti 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimeandika kama ulivyotaka. Jina halikuwekwa, kwa sababu utaratibu hauruhusu majina, lakini ukweli wote umo. Nimeandika na kosa langu pia. Fomu ile nilipewa, nikaichapa ilivyo. Mimi niliyekulia jikoni kwako, ninayejua mtu akiketi kimya maana yake nini, sikujiuliza. Barua yako ya Machi ilinieleza kila kitu, na mimi nikaisoma kwa sauti watu wacheke.

Dokta Filomena alisoma, kisha akatuagiza tuwaulize wahudumu wa vijiji vile vitano vingine, kwa upole, bila kutishia. Watatu wamesema walikuwa wanaongea. Efrazia wa upande wa Mazinde alisema, "Mlitegemea niwe jiwe?" Kwa hiyo tunaanza upya. Sasa salamu zote zinatangulia mpaka ziishe zenyewe. Kisha mpimaji anamwambia mtu, "Sasa tunanyamaza kwa ajili ya kipimo, hakuna msiba." Maneno hayo hayo yamechapwa kwenye fomu.

Lakini anayejua ametia vema ya uongo hawezi kuendelea kupima. Kanuni ni hiyo, na sikuomba ibadilishwe kwa ajili yako. Nimeshindwa kulala kwa hilo. Mashine utamkabidhi Glory, binti wa Rubeni. Ni mwepesi kujifunza, ila anawaogopa wazee. Ukiweza msaidie kuzijua nyumba.

Nisamehe, mama mkubwa.

Mwanao,
Rukia


Kijijini, Mlalo,
19 Agosti 2024

Mwanangu Rukia,

Marahaba, mwanangu. Umefanya sawa, na nimelala vizuri tangu barua yako ije. Niliona uchungu kuiachia ile mashine, siwezi kusema uongo tena. Nimeifuta vumbi, nikampa Glory na betri mpya.

Nyumba nilizomwonyesha wiki hii ni tisa. Kila tulipofika niliingia kwanza, nikawaambia wenyewe nilichofanya. Wengine wamecheka, mzee Abdulaziz amenigombeza vizuri, na nimemshukuru. Kwa Hawa sikuthubutu kuingia. Tangu siku ile ya Julai alikuwa hajanisemesha, hata kisimani alikuwa akiniona anainama kwenye ndoo. Nikamwambia Glory aende mwenyewe, mimi nikakaa nje kwenye kizingiti, nimejifunga khanga mbili kwa ile baridi.

Nikasikia salamu ndani, zote, Glory anajikwaa na Hawa anamsaidia. Kisha Glory akasema yale maneno yenu. Pakawa kimya. Mwanangu, dakika tano ni ndefu. Sikuwahi kuzijua. Nilimsikia kuku anaparua nyuma ya nyumba, nikasikia maji yanachemka jikoni kwa Hawa, na mimi nje naomba Mungu, bila kujua naomba namba ya juu au ya chini. Ikiwa juu, nitakuwa sikumkosea sana. Ikiwa chini, ameuvunja mkono wake bure. Nikaomba ya chini.

Ikasoma 126 kwa 78, na hajanywa kidonge tangu Mei. Glory akanitolea fomu nione. Nikalia pale pale, kwa furaha na kwa aibu.

Hawa akatoka mlangoni, ule mkono ameushika kwa mwingine. Akasimama, akanitazama. Kisha akasema, "Onga mshi, Saumu." Nikamwitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu. Akauliza za goti, za viazi, za Rukia aliyeko mjini. Aliniuliza zote, hakuruka hata moja, na mimi nikamjibu zote.

Mama yako mkubwa,
Saumu