Waya Uliokuja Hadi Ndani

Alhamisi, mwezi wa Rajabu. Mvua tangu alfajiri, ua umejaa maji, na mimi bado nimo edani.

Leo Dar es Salaam wamempa marehemu mume wangu nishani ya nchi kwa utafiti wa simu. Eda hainiruhusu kutoka, basi aliyekwenda kuipokea ni binti yetu, Mwanaidi. Nilimwombea dua, nikabaki na wivu. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu akitajwa, maana utafiti wenyewe ulifanyika jikoni mwangu.

Chumvi ya bahari ilikuwa ikiganda kwenye vikombe vya kauri vinavyoshika waya nguzoni, sauti ya simu ikafifia. Baba Mwanaidi akatafuta dawa. Alichemsha utomvu wa sandarusi na mafuta katika sufuria yangu ya pilau, akavipaka kwa majaribio vikombe vyangu vya kahawa, vya harusi, akavitundika kwenye kamba ya nguo vipigwe na upepo wa pwani.

"Subira yavuta heri, mke wangu."

"Basi hiyo heri ivute na vikombe vyangu."

Vikombe havikurudi. Dawa ilipatikana, na nguzo zote za huku zikapakwa.

Leo asubuhi nikasikia hodi. Ni Athumani, aliyekuwa akipanda nguzo pamoja na marehemu.

"Shemeji, usitoke. Sisi ndio tunaokuja."

Yeye na wenzake, kwa idhini ya mkubwa wa posta, walivuta waya juu ya mapaa ya majirani, mvua ikiwanyeshea, wakanipitishia mkono wa simu chini ya pazia.

Niliogopa. Zamani, mvua kama hii, simu ilikuwa ikikoroma tu. Na leo isipopitisha sauti, hiyo nishani ni ya nini?

Nikaweka sikioni. Nikasikia watu wakikohoa huko Dar es Salaam, ukumbini, walikoweka simu ya pili. Nikasikia jina la mume wangu, na la baba yake. Kisha Mwanaidi:

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Hata pumzi yako naisikia."

Nililia sana, na nimefurahi sana.

Ninampenda mtu yule.

Wamekunja waya wao, wamekwenda. Kesho, inshallah, Mwanaidi atarudi na nishani. Mimi pambo silivai sasa. Nitaitundika kwenye kamba ya nguo, mahali pa vikombe vyangu, nayo ipigwe na upepo kidogo.