Noti Niliyomtunza Bi Mwanakheir

Unguja Mjini, 1972. Wanu, nshafika kutoka safari, hata buibui sijavua! Kikaratasi hiki kisome peke yako.

Kule Mombasa mwenye duka alitaka kunipa kwa magendo sabini za Kenya kwa mia yetu, na serikali zasema ni sawa kwa sawa. Sabini! Na vitambaa vya harusi yako je? Nikamkatalia.

Kwenye taarab nikenda kumtunza mwimbaji, Bi Mwanakheir. Nikajisahau, nikampa noti yetu ya Tanzania! Ukumbi mzima ukacheka. Nikatamani ardhi ipasuke niingie.

Bi Mwanakheir akanifuata. "Unazo nyingine?"

Wallahi kauliza hivyo! "Unazo nyingine? Nnakwenda kuimba Unguja. Ntakupa mia kwa mia."

Mia kwa mia! Nikambadilishia zote; vitambaa vyako nnavyo.

Na harusi anayokuja kuimba? Yako, hapo Bububu! Mtunze wewe, mimi nshamtunza.