Wa Mwisho Ubaoni

Iringa

Mama yangu,

Shikamoo mama. Mgongo unasemaje na baridi ya huko Iyunga? Mimi ni mzima, nakula na kushiba, ila chai ya huku haijaifikia yako.

Uliniuliza kama nakuja kuchukua ile nafasi ya ualimu hapo karibu na nyumbani. Sikufichi, nilikuwa nimeshaamua kuja. Mkuu wetu mpya wa chuo cha lugha amebandika ubaoni majina ya walimu, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kufuata fomu za maoni wanazojaza wanafunzi wa kigeni kila Ijumaa. Zamani tuliazimana picha na mazoezi wakati wa chai. Siku hizi kila mtu na kabati lake, funguo mfukoni. Nami nikawa wa mwisho! Kosa langu, usicheke, nilimpeleka mwanafunzi wangu, daktari mmoja mgeni, akamenye viazi jikoni na mpishi wetu Mama Semeni, asubuhi nzima, ajifunze kuzungumza bila daftari. Kwenye fomu akaandika hakufundishwa kitu. Niliumia sana, mama.

Wiki iliyopita Mama Semeni alifiwa na mumewe, tukaenda msibani Kalenga. Mkuu alikuja na hotuba kwenye karatasi. Yule daktari alivua viatu, akakaa mkekani na kina mama, akamshika mkono mfiwa.

"Pole sana, mama," akasema.

Baadaye akavuta beseni la viazi, akaanza kumenya bila kuambiwa. Mama Semeni alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Akamtazama daktari.

"Maganda mazito hayo, utatumalizia viazi."

Wote tukacheka, na Mama Semeni mwenyewe akacheka kidogo, kisha akalia vizuri. Mkuu aliikunja karatasi yake bila kuisoma.

Ubao bado upo, na jina langu liko palepale chini. Ila Jumatatu mwalimu mwenzangu wa darasa la jirani aliacha kabati lake wazi, akaniambia nichukue ninachotaka. Mkuu naye ameniomba niwapeleke wanafunzi wote jikoni, kila wiki.

Kwa hiyo mama, siji. Nisalimie mdogo wangu, asome. Mjomba aliyenihangaikia ile nafasi mwombe radhi, nitampigia mwenyewe. Najua umeshanitandikia kitanda. Kitandue, mama, na unisamehe.

Mwanao akupendaye,
Tusekile