Timu Moja ya Matawi Mawili

Al Baraha, Dubai

Mjukuu wangu Salma,

Huku sote wazima. Mama yako sasa anafanya kazi kwenye ghala kule Dubai Investments Park. Anarudi amechoka, lakini hakosi kukutaja.

Umeniuliza kama uache netiboli, kwa kuwa chuo kimeunganisha timu za matawi yake mawili, kimehamia ligi kubwa, nanyi wa tawi dogo mmeachwa bila hata kujaribiwa. Nilipoisoma barua yako, chai ilinishinda kwa hasira.

Nasi wa tawi la shamba tulifanyiwa hivyo hivyo chuo cha ualimu. Nahodha wetu, Mwanaidi, alimwendea mkuu wa chuo kwa adabu. Akajibiwa, "Ligi hii si ya wasichana wa shamba. Nyinyi mtabeba mipira."

Siku ya mechi ya kwanza tuliingia uwanjani na jezi zetu kuukuu, tukakaa chini katikati. Wageni wakatazama, mkuu akafoka. Mwanaidi akamwambia, "Tujaribu kwanza, mwalimu. Tukishindwa, tutabeba."

Kwa kuwaonea aibu wageni, akatujaribu. Wengi wetu tukachukuliwa. Mwanaidi, aliyetushinda sote, akaachwa kwa sababu ya ulimi wake. Basi tukazirudisha jezi mpya tulizopewa mezani kwa mkuu, kila mmoja ya kwake. Hatukucheza ligi ile, wala hakuna aliyetuomba radhi. Mpaka leo sijapoa.

Sikwambii ufanye nini, mwanangu. Najua tu kwamba tulicheza pamoja miaka, lakini timu tulikuja kuwa siku ile tulipozirudisha jezi.

Akulinde Mola.

Bibi yako